Mwangwi Upi Uaminiwe? Vizingiti vya Rada Katika Matangi ya Mafuta na Gesi

Fundi anapounganisha kompyuta yake na rada iliyofungwa juu ya tangi la dizeli, huona mstari mmoja unaopanda na kushuka. Ulalo wake ni umbali kutoka kwenye antena kwenda chini, na wima wake ni ukubwa wa mwangwi uliorudi. Karibu kabisa na antena pana rundo la vilele vya nozeli, yaani shingo ya tangi inayobeba antena, na vya mtikisiko wa wimbi lenyewe linapotoka. Mita 3 chini kuna kilele chembamba cha bomba la kuingizia mafuta. Mita 6 kuna kingine, cha kiungo cha ngazi. Mita 11 kuna kilele kifupi, na hicho ndicho cha dizeli, maana tangi limebaki na mita 1 tu ya mafuta. Kisha mita 12.45 kinasimama kilele kikubwa kuliko hicho cha mafuta, nacho ni cha sakafu ya tangi, ingawa sakafu yenyewe iko mita 12 kamili. Kwenye mchoro huohuo umechorwa mstari wa pili. Kilele kinachouvuka huhesabiwa, kisichouvuka hutupwa. Mstari huo ndio kizingiti.

Kwa macho ni kitu kidogo, namba chache ndani ya menyu ambayo wengi huipita haraka siku ya kufunga chombo. Lakini namba hizo ndizo zinazoamua ni mwangwi upi utapelekwa kwenye chumba cha udhibiti kwa jina la kimo cha mafuta, na kutoka hapo pampu, vali na watu hufuata. Hoja yangu ni kwamba anayepanga kizingiti anachagua aina ya kosa ambalo tangi lake litalivumilia. Uchaguzi huo hufanywa vibaya mara nyingi, kwa sababu aliyetumwa kuufanya ametumwa kunyamazisha kengele.

Rada hutuma mawimbi ya redio kwa mwendo wa mwanga, kilomita 299,792 hivi kwa sekunde. Safari ya mita 1 kwenda na kurudi huchukua nanosekunde 6.67. Baadhi ya vyombo huupima muda huo kwa mapigo mafupi. Vingine hutuma wimbi ambalo masafa yake hupandishwa mfululizo, vikasoma umbali kutokana na tofauti ya masafa kati ya linalotoka na linalorudi. Kazi hiyo ya kupima muda imeshatatuliwa vizuri, na rada ya leo ikipata mwangwi safi hutoa jibu lenye uhakika wa milimita chache. Ugumu uliobaki ni kuujua mwangwi wenyewe.

Na miangwi haifanani. Wimbi likifika kwenye uso wa kimiminika, sehemu yake hurudi na sehemu huzama, na mgawanyo huo hutegemea kiwango cha dielektriki cha kimiminika hicho. Hewa ina 1. Maji yana 80 hivi. Dizeli ina 2.1 hivi, na gesi ya kupikia, ile LPG iliyoshindiliwa hadi ikawa kimiminika, ina 1.7 hivi. Ukipiga hesabu ya ukubwa wa wimbi linalorudi, uso wa maji hurudisha takriban asilimia 80, dizeli asilimia 18, LPG asilimia 13. Ukihesabu kwa nguvu badala ya ukubwa, mwangwi wa maji unauzidi ule wa dizeli mara 19. Chombo ni kilekile, tangi ni lilelile, na antena haijaguswa.

Hapo ndipo penye mtego ambao hautajwi vya kutosha. Tangi jipya la mafuta hujaribiwa kwa maji kabla ya kukabidhiwa, ili kuona kama linavuja na kama msingi unatitia. Mkandarasi mwenye haraka huona hiyo ni nafasi nzuri ya kuwasha rada pia. Kuna kimiminika ndani, kuna kimo cha kulinganisha na dipu, yaani kipimo cha mkono, na mwangwi ni mkubwa na mzuri. Anafuata kanuni ya kawaida ya kuweka kizingiti kwenye nusu ya ukubwa wa mwangwi wa kimiminika. Nusu ya 80 ni 40. Cheti kinasainiwa, maji yanatolewa, meli inakuja, dizeli inaingia. Mwangwi wa dizeli ni 18. Haufiki hata nusu ya kizingiti, na rada iliyosifiwa wiki iliyopita sasa haioni kitu, au mbaya zaidi, inaona kitu kingine. Kanuni ya nusu haina kosa. Imetumika kwa kimiminika ambacho hakitaonekana tena ndani ya tangi hilo.

Swali hili la kizingiti ni la zamani kuliko rada za matangi. Mwaka 1933 wanatakwimu Jerzy Neyman na Egon Pearson walionyesha kwa hesabu kwamba mtu anayechagua kati ya dhana mbili kwa ushahidi wenye kelele hukabiliwa na makosa ya namna mbili, kukubali kisichokuwepo na kukataa kilichopo. Kwa ushahidi uleule, ukipunguza kosa moja unaongeza jingine. Mwaka 1947 J. I. Marcum aliipeleka fikra hiyo kwenye rada za kijeshi, akihesabu ni mara ngapi kelele peke yake itavuka kizingiti na kuonekana kama ndege. Tangi la mafuta limerithi tatizo hilo likiwa zima. Ukishusha kizingiti, ngazi, mshono wa bomba au matone ya unyevu kwenye antena hugeuka mafuta. Ukikipandisha, mafuta yenyewe hupotea. Namba ya kuyamaliza makosa yote mawili haipo, isipokuwa pale ambapo mwangwi dhaifu kabisa wa mafuta bado ni mkubwa kuliko kelele kubwa kabisa.

Kosa lipi basi libebwe? Ninaamini jibu liko wazi kuliko linavyozungumzwa. Rada iliyopoteza mwangwi inaweza kupangwa ipige kelele, ikatoa mkondo wa miliampea 3.6 au chini, au 21 au zaidi, nje ya mipaka ya kipimo halali kama unavyopendekeza mwongozo wa NAMUR NE 43, na chumba cha udhibiti kikajua kwamba hakuna kipimo. Rada iliyoshika mwangwi wa uongo haitoi ishara yoyote. Inatuma namba nzuri, tulivu, iliyo ndani ya mipaka. Opereta hana sababu ya kuitilia shaka mpaka mafuta yafike pasipotakiwa. Kosa la kwanza linaudhi. La pili linaua. Kwa hiyo nikilazimika kuchagua, nachagua kizingiti kilicho juu kidogo pamoja na kengele inayolia upesi, kuliko kizingiti cha chini kinachokubali kila kinachong'aa.

Kuna mpangilio wa tatu ambao ningependa uondolewe kwenye matangi yote ya kupokea mafuta, nao ni ule wa kushikilia kipimo cha mwisho pale mwangwi unapopotea. Huwekwa ili mchoro kwenye skrini usikatikekatike. Chukua tangi lenye kipenyo cha mita 20, linalopokea mita za ujazo 1,000 kwa saa. Eneo lake ni mita za mraba 314, kwa hiyo mafuta hupanda zaidi ya sentimita 5 kila dakika. Namba iliyogandishwa kwa dakika 10 inaficha nusu mita ya mafuta. Katika sekunde chache za povu au mawimbi, kuchelewesha kengele ni busara. Dakika kumi ni jambo jingine kabisa.

Wanaodhani natia chumvi wakumbuke bohari la mafuta la Buncefield, kaskazini mwa London. Alfajiri ya tarehe 11 Desemba 2005, kipimo cha tangi namba 912 kilikwama karibu saa tisa za usiku huku petroli ikiendelea kuingia. Kengele za kimo cha juu zilitegemea kipimo hichohicho, hivyo nazo zikanyamaza. Swichi ya kujitegemea, ambayo ingefunga mtiririko, haikufanya kazi. Petroli ikafurika, mvuke ukaenea, na saa kumi na mbili na dakika moja ukalipuka. Watu 43 walijeruhiwa. Kipimo hicho hakikuwa rada, kilikuwa cha aina ya sevo, na uchunguzi ulibaini kilikuwa kimekwama mara 14 tangu mwishoni mwa Agosti mwaka huo. Karibu miezi tisa kabla ya mlipuko huo, tarehe 23 Machi 2005, katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha Texas City, Marekani, mnara ulijazwa kupita kiasi na watu 15 wakafa. Kipimo chake, kilichotegemea nguvu ya kuelea, kilikuwa kimepangwa kwa uzito wa kimiminika tofauti na kile kilichokuwemo. Kikaonyesha chini ya mita 3, tena kikishuka, wakati kimiminika kimepita mita 45. Teknolojia ni tofauti, lakini ugonjwa ni uleule wa mpangilio uliofanywa kwa hali moja ukaachwa uhukumu hali nyingine, nao ukatoa namba inayoaminika.

Kwenye rada, mahali pa hatari zaidi ni juu, jirani na antena. Huko ndiko kwenye kelele nyingi za nozeli, na ndiko fundi huvutwa kuinua kizingiti au kuliziba eneo lote kwa kuliita eneo pofu. Kelele hutoweka kweli. Lakini huko pia ndiko mafuta yanakofika tangi linapokaribia kufurika. Tuseme sentimita 50 za kwanza zimezibwa, na mafuta yamepanda hadi sentimita 40 kutoka kwenye antena. Mwangwi wa kwanza umo ndani ya eneo pofu, haukubaliwi. Wimbi hilo hugonga paa la tangi, likashuka tena, likarudi mara ya pili, na mwangwi wake ukaonekana kwenye sentimita 80. Huo unavuka kizingiti bila shida. Rada inasoma mafuta yako sentimita 40 chini ya yalipo, na yanavyozidi kupanda, chumba cha udhibiti kinaendelea kuona nafasi ambayo haipo. Dawa yake hupatikana kwenye mchoro wa ujenzi wa tangi: nozeli fupi na pana, antena iliyochomoza chini ya nozeli, na kimo cha juu kinachoruhusiwa kilichowekwa mbali na eneo pofu. Namba ya kwenye menyu haiwezi kufanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa na mchomeleaji.

Matangi yenye mafuta juu na maji chini yana mtego wao, hasa pale inapotumika rada inayoongozwa na rodi au waya uliozamishwa. Uso wa mafuta hurudisha asilimia 18, kama tulivyoona. Sehemu kubwa ya wimbi hupenya, hukutana na maji na kurudi na ukubwa unaokaribia asilimia 70 ya wimbi la awali. Mwangwi wa pili, basi, ni karibu mara nne ya ule wa kwanza. Kizingiti kilichoinuliwa kidogo tu kupita kiasi kinakata wa mafuta na kuacha wa maji, na rada inaupokea huo kama ndio uso. Tena kuna nyongeza. Ndani ya mafuta wimbi hupungua mwendo kwa kipimo cha 1.45, yaani kipeuo cha pili cha 2.1, kwa hiyo tabaka la mita 1 huonekana kama mita 1.45. Ndiyo maana sakafu ya lile tangi letu la mwanzo ilionekana mita 12.45. Kwa rada iliyopotea namna hii, tangi lenye mita 1 ya mafuta juu ya maji linasomeka pungufu kwa karibu mita moja na nusu, na pampu inaendelea kusukuma. Katika matangi haya kizingiti kimoja cha usawa kwa urefu wote hakifai. Kinatakiwa kizingiti cha uso kilicho chini na kizingiti cha mpaka wa maji kilicho juu, kila kimoja kikiwa kimepimwa kwa mwangwi wake.

LPG ndiyo inayonishughulisha zaidi kwa sasa. Tanzania imejiwekea mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, ikilenga asilimia 80 ya watu wafikiwe, na gesi hiyo huja kwa meli na kuhifadhiwa kwenye matangi yenye shinikizo kabla ya kufika jikoni. Mwangwi wake ni dhaifu kuliko yote niliyoitaja. Uso wake hautulii, kwani shinikizo likishuka kidogo kimiminika huanza kuchemka, na mapovu hutawanya wimbi kila upande. Mvuke mzito ulio juu yake hupunguza mwendo wa wimbi kwa kiasi kidogo ambacho lazima kisahihishwe. Na huwezi kufungua kifuniko ukapiga dipu. Kwa hiyo rada huwekwa juu ya bomba lililosimamishwa ndani ya tangi, lenye matundu ya kusawazisha kimo, na ndani ya bomba hilo uso hutulia na wimbi halitawanyiki. Wajenzi wazuri huweka pia pini ya chuma kwenye umbali unaojulikana, ili rada ijihakiki kwa mwangwi wa pini hiyo bila tangi kufunguliwa. Lakini matundu nayo hurudisha miangwi, na mshono mbaya wa bomba hurudisha mwangwi unaoweza kulingana na ule wa gesi. Hapa mipangilio ya kiwandani haifai kuachwa ilivyo. Kizingiti kinapaswa kufuata umbo la kelele mita kwa mita, kikipanda palipo na mshono na kushuka palipo wazi, na pengo kati ya kelele na mwangwi wa gesi liandikwe, maana pengo lenyewe ni jembamba.

Njia ya kuchora umbo hilo ni kuifundisha rada miangwi ya uongo wakati tangi liko tupu, ili izitambue ngazi na mabomba na kuyaacha. Ni kazi nzuri inayoharibiwa kwa uzembe mdogo. Tangi lenye biashara halimwagwi kwa ajili ya fundi, hivyo ramani hiyo hupigwa likiwa nusu. Akisahau kuikatisha ramani kabla ya kufika kwenye uso wa mafuta, anaifundisha rada kuwa mafuta ni ngazi. Kipimo kitakuwa kizuri kwa vimo vyote isipokuwa kile alichokikuta siku hiyo. Uso ukiwa mita 9 kutoka kwenye antena, ramani iishie mita 8 na nusu, na sehemu iliyobaki isubiri siku tangi litakapopungua.

Zipo hali ambazo kizingiti hakina la kufanya. Amonia hunyonya mawimbi yaliyo jirani na gigahezi 24, kwa hiyo rada ya gigahezi 26 ndani ya mvuke mzito wa amonia inapoteza mwangwi njiani. Kushusha kizingiti hapo ni kuongeza kelele tu, na kinachotakiwa ni masafa mengine. Mafuta ghafi ya Uganda yana nta, na ndiyo sababu bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limesanifiwa kupashwa joto. Nta ikiganda kwenye antena au kwenye rodi huzaa mwangwi wake, tena unaokua polepole wiki hadi wiki. Hilo ni la kusafisha na kupasha joto. Pangaboi la kuchanganyia linalopita chini ya antena kila baada ya sekunde kadhaa hushughulikiwa kwa wastani wa muda. Na rada yenye mwale mpana inayogonga ngazi inahitaji mwale mwembamba. Mwale wa nyuzi 10 umbali wa mita 10 hutanda karibu mita 1.75, ilhali wa nyuzi 3, wa rada za gigahezi 80, hutanda nusu mita tu. Kuhamisha antena mbali na ngazi kwa hatua moja mara nyingi kunazidi mipangilio yote ya menyu.

Zikiondolewa hizo, kazi halali ya kizingiti hubaki ndogo na inayowezekana. Michoro ya mwangwi ikusanywe tangi likiwa tupu, nusu na limejaa. Ikusanywe pia wakati wa kujaza, mafuta yanaporuka, na wakati wa kutoa, maana mchoro wa tangi lililotulia asubuhi hausemi lolote kuhusu usiku wa kupokea meli. Kwa kila umbali utafutwe mwangwi dhaifu kabisa wa kimiminika na kelele kubwa kabisa, kisha kizingiti kipite katikati. Pale ambapo viwili hivyo vimepishana, kelele ikiwa juu ya mafuta, fundi aseme wazi kwamba chombo hiki hapa hakifai, hata kama meneja anataka skrini ya kijani kabla ya jioni. Najua shinikizo hilo lilivyo kubwa, na ndiyo sababu nadhani ruhusa ya kubadili kizingiti isiwe ya mtu mmoja aliye juu ya paa la tangi na kompyuta. Iwe na fomu, sababu, namba ya zamani na namba mpya, pamoja na mchoro wa kabla na wa baada. Rada inayotumika kuuziana mafuta ina sharti la ziada. Katika tangi la kipenyo cha mita 20, milimita 1 ni lita 314, na chombo cha namna hiyo hufungwa kwa lakiri, hivyo anayegusa mipangilio yake anapaswa kuita mamlaka ya vipimo ihakiki upya kabla mzigo unaofuata haujapokelewa.

Mwisho, swichi ya kujitegemea ya kimo cha juu kabisa, kama ile iliyoshindwa Buncefield, isitegemee rada kwa lolote. Iwe na kihisi chake, waya wake na njia yake ya kufunga vali, na ijaribiwe kwa ratiba, tena si kwa kubonyeza kitufe tu bali kwa kuhakikisha vali inafunga.